Hadithi ya Uhalisia Katika Darasa la Watoto Kandokando ya Ziwa Victoria

Kisiwa cha Ukerewe si kikubwa, wala hakiko katika njia kuu ya biashara; lakini kimeipa fasihi ya Kiswahili waandishi watatu wa hadithi ndefu ambao hapana mtu awezaye kuandika tarehe ya fasihi hii akawapita kimya. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, Gabriel Ruhumbika mwaka 1938, na Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944. Watatu hawa hawafanani kwa mtindo, wala kwa imani, wala kwa elimu. Jambo moja tu linawakutanisha: kila mmoja aliandika habari za mtu aliye ndani ya nyumba yake mwenyewe, mwenye wakwe, mwenye ugonjwa, mwenye shamba na deni, wala hakumtafutia jini wa kumtoa katika dhiki yake. Huo ndio uhalisia, na kwa bahati ya ajabu umekita mizizi yake katika kisiwa kilichozungukwa na ziwa ambalo wanafunzi wa Mwanza hulitazama kila asubuhi waendapo shule.

Hata hivyo, mtoto wa darasa la nne wa Nansio, au wa Kirumba na Igogo mjini Mwanza, aweza kumaliza elimu yake ya msingi asisikie hata ukurasa mmoja wa waandishi hao. Atakuwa amemsikia Sungura na Fisi, na huenda akamsikia Abunuwasi. Babu yake, kama alipata shule, alisoma pengine tafsiri za safari za Wazungu wa kubuniwa, kama Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu kilichotolewa kwa Kiswahili mwaka 1929. Na baba yake huenda alisoma Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Hapana neno la kuvilaumu vitabu hivyo. Ngano ni mali ya watoto tangu zamani, na Usukuma una hazina yake ya ngano ambayo haijakusanywa ikaisha. Swali ni jingine: kuna kazi gani darasani ambayo ngano haiwezi kuifanya, na ambayo hadithi ya uhalisia inaiweza?

Kwa maneno haya, hadithi ya uhalisia, ikusudiwe hadithi iliyobuniwa lakini isiyotoka nje ya mipaka ya yale yawezayo kutukia mahali fulani na wakati fulani. Mpaka huo ndio jambo kubwa. Sungura akinena, hapana mtoto awezaye kusema kwamba sungura haneni hivyo. Kanuni ya ngano imekwisha kumfunga kinywa, naye ameridhika kufungwa, kwa kuwa ndiyo raha yake. Lakini chukuliwe mfano wa hadithi inayosema kwamba wavuvi wa Kayenze walitoka kwenda kuvua dagaa usiku wa mwezi mpevu, wakarudi mitumbwi imejaa. Mtoto wa mvuvi atacheka. Dagaa huvutwa kwa taa, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Siku za mwezi mkubwa ndizo siku za wavuvi kupumzika na kushona nyavu. Mtoto huyo atanyosha mkono na kusema: si hivyo.

Maneno hayo mawili ni machache, lakini yanageuza darasa zima. Mwalimu aliyepangiwa kazi kutoka Lindi au Moshi huenda hajui jambo la mwezi na dagaa. Kwa mara moja mjuzi ni mtoto wa nyuma asiyejua kuandika vizuri, na kitabu, ambacho siku zote huja darasani kama amri, kimekuwa kitu cha kupimwa. Kupima maandishi kwa mambo ambayo mtu ameyaona kwa macho yake ni msingi wa elimu yote, tangu sayansi hata sheria. Nayo haipatikani kwa kukariri. Hapo ndipo thamani ya uhalisia kwa watoto inapoonekana. Kwamba humwonyesha mtoto kijiji chake kitabuni ni faida ndogo. Kubwa ni kwamba humpa haki ya kutoa ushahidi.

Faida hiyo ndogo, yaani ya kukiona kijiji kitabuni, imekwisha kujaribiwa katika kanda hii hii. Tangu mwaka 1968 hata mwanzoni mwa miaka ya 1970, mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera, ilikuwa uwanja wa jaribio la elimu ya watu wazima lililosaidiwa na UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza. Vitabu vya kusomea vilitungwa juu ya kazi za wenyeji: pamba, uvuvi, migomba, ufugaji. Lilikuwa wazo jema, na watu wengi walijua kusoma kwa njia hiyo. Lakini kitabu cha namna hiyo, kwa asili ya kazi yake, hakina haja ya mtu. Kinamhitaji mkulima apande kwa mistari. Hakimhitaji mkulima aliyegombana na nduguye juu ya mpaka wa shamba na ambaye, kwa hasira, hakupalilia mwaka huo. Mahali pamekuwa pa kweli, na mtu amebaki kivuli. Walio wengi kati ya watungaji wa vitabu vya watoto wanaodai kuandika uhalisia wamesimama hapo hapo: wanataja ziwa, wanataja mtumbwi, wanataja ugali kwa sato, kisha wanamleta Juma mtiifu na Ali mkaidi, na Ali anavunjika mguu. Hiyo ni ngano iliyovuliwa manyoya.

Kitereza hakuwaandikia watoto. Kitabu chake juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali, alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Kilingoja mpaka 1980 ndipo kikatoka Dar es Salaam kwa Kiswahili alichokiandika mwenyewe, katika mabuku mawili, naye akafariki mwaka 1981 bila kuziona nakala. Ni kitabu kirefu, na wahakiki wengine wamekiona kuwa kizito, kwa sababu mtungaji haiachi kazi yoyote mpaka ameieleza yote. Mtu akienda kwa wakwe, msomaji atatembea naye njia nzima, atasalimiana na kila mtu, atakaa anapokaa, atakula anachokula. Pombe ya ndizi ikitengenezwa, itatengenezwa tangu kukata mikungu.

Yaliyo kosa machoni pa mhakiki wa riwaya ni neema kwa mwalimu wa watoto. Habari yenyewe ni nyepesi kuifahamu: mke na mume wanapendana, nyumba yao haina mtoto, wazazi wa mke wanamchukua binti yao, na mume hana budi kuwaendea wakwe na kuomba, kisha kulipa fidia ya pombe ili arudishiwe mkewe. Mtoto wa miaka 10 anaelewa kabisa jambo la kuomba kitu kwa watu wenye haki ya kumnyima. Anaelewa pia kwa nini kazi ndefu ya kutengeneza pombe inasimuliwa polepole: kila hatua ni hatua ya kumrudisha Bugonoka, na chombo kikipasuka, au ndizi zisipoiva vizuri, mke harudi. Utaratibu wa kazi na shauku ya moyo vimekuwa kitu kimoja. Ni nadra sana kukuta hayo katika vitabu vilivyotungwa makusudi kwa shule.

Hapo ndipo ilipo hatari ya kufupisha. Shule zimezoea muhtasari, na mtu akitaka kukiingiza kitabu hiki darasani wazo la kwanza litakuwa kukipunguza kurasa zake hata kiwe chembamba. Atakayefanya hivyo, bila shaka, atakata yale yanayoonekana kuwa marefu, abakize yale yanayoonekana kuwa habari. Atapata sentensi isemayo kwamba Myombekere alitengeneza pombe akaipeleka kwa wakwe, wakafurahi. Sentensi hiyo ni ya kweli wala haina kosa la sarufi, lakini hapana mtoto atakayeikumbuka. Ni heri kuchukua sura moja na kuisoma nzima, kwa sauti, kwa muda wa juma zima, kuliko kukimeza kitabu chote kwa kurasa 40. Kusoma kwa sauti kuna sababu nyingine iliyo wazi kwa kila ajuaye shule za Mwanza: darasa lenye watoto wengi na kitabu kimoja halina njia nyingine, na Kitereza, ambaye alijaza hadithi yake salamu na mazungumzo, asikika vizuri kuliko anavyosomeka.

Itasemwa kwamba pombe haifai kuletwa mbele ya watoto. Pingamizi hilo lastahili jibu, kwa kuwa wazazi wataliuliza. Katika Kitereza pombe ni hati. Ni kitu kinachofunga mapatano ya koo mbili, na atakayeitengeneza vibaya amewadharau watu. Katika Rosa Mistika cha Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971, pombe ya kisiwa hicho hicho ni kitu kingine kabisa: Zakaria, babaye Rosa, ni mlevi na mkali, na nyumba yake inabomoka kwa mikono yake. Mwanafunzi wa sekondari akiviweka vitabu hivi viwili bega kwa bega ataona jinsi kitu kimoja kilivyobadilika maana katika kisiwa kimoja. Na hilo ni somo la historia ambalo mwalimu wa historia angelichukua muhula mzima kulifundisha.

Rosa Mistika, kwa yakini, si kitabu cha shule ya msingi. Lakini yaliyokipata yanahusu shule zote. Kilizuiwa kwanza kisisomwe shuleni, kwa kuwa kilisema wazi juu ya mwili wa msichana, walimu wasio waaminifu na baba asiyejua kulea. Baadaye kikaingia katika orodha za vitabu vya sekondari, na vizazi vya wanafunzi vimekifanyia mitihani. Maneno ya kitabu hayakubadilika. Kilichobadilika ni wasomaji wakubwa. Mwaka 2023, mwezi wa Februari, Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa kuwa havikuafikiana na maadili. Na kati yake vimo vitabu vya Kiingereza vya mvulana mmoja wa Marekani na visa vyake vya shuleni. Hapana haja ya kuingia katika ugomvi huo. Yatosha kusema kwamba orodha ya vitabu visivyofaa ni rahisi kuandikwa kwa siku moja, na rafu ya vitabu vifaavyo haipatikani kwa namna hiyo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, umefanya kazi kubwa ya kuijaza rafu hiyo kwa Kiswahili. Lakini mradi mmoja hauwezi kubeba ziwa zima.

Adui mkubwa wa hadithi ya uhalisia darasani, hata hivyo, si Wizara wala wazazi. Ni swali. Swali lenyewe huandikwa ubaoni baada ya kila kusoma, nalo huuliza hadithi hii inatufundisha nini. Kwa ngano swali hili ni halali. Ngano imebeba jibu lake mkiani. Kwa hadithi ya uhalisia swali hili ni kisu, kwani humlazimisha mtoto kukiacha kila alichokiona na kukimbilia sentensi moja ambayo mwalimu ameishika tayari. Myombekere akipitishwa katika swali hilo, atatoka amekuwa methali juu ya subira.

Na kuna mahali ambapo swali hili hufanya ubaya zaidi ya huo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikitoka Bugolora, wakafa watu zaidi ya 220. Hapana shule ya Ukara isiyokuwa na mtoto aliyepotewa na mtu siku ile. Mtungaji akiandika hadithi ya mtoto anayemngoja mama yake gatini na mama asije, ataandika jambo ambalo wasikilizaji wake wanalijua kumshinda. Je, hadithi hiyo isomwe? Wengi watasema la, kwa huruma. Lakini mtoto huyo anayo habari hiyo moyoni usiku na mchana. Asichokuwa nacho ni maneno yaliyopangwa na mtu mwingine, kwa utulivu, yamwonyeshe kwamba jambo lile lasemeka. Kitereza alilijua hilo. Kifo kinaingia na kutoka katika kitabu chake kama mgeni anayejulikana, watu wanalia, wanazika, wanarudi shambani, wala mtungaji hamgeukii msomaji kumwuliza amejifunza nini. Sasa mwalimu, baada ya kuisoma hadithi ya gati, alete swali lake la ubaoni. Jibu la pekee ambalo watoto wanaweza kulitoa ni kwamba tusipande vivuko vilivyojaa. Yaani, kwamba waliokufa walikosea. Afadhali hadithi hiyo isisomwe kabisa kuliko kusomwa kwa mwisho huo.

Maswali yaifaayo hadithi kama hizi si magumu. Mama alisema atarudi saa ngapi? Mtoto alikaa wapi, na kutoka hapo aliweza kuona nini? Mtu wa kwanza aliyenyamaza ni nani? Ni lini ulijua, na ni neno gani lililokujulisha? Kila swali hapo linamrudisha mtoto katika maandishi, na kila jibu laweza kupingwa na mwenzake kwa kidole juu ya mstari. Na aliye na lake la kusema atalisema, au hatalisema.

Kwa wanalugha kuna jambo jingine, ambalo halitiliwi maanani ya kutosha. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Unguja, kwa uamuzi wa miaka ya 1928 na 1930, na msamiati wake wa bahari ni msamiati wa pwani. Mtoto wa Mwanza hasemi diko. Husema mwalo, na soko la samaki la Kirumba linaitwa Mwaloni na kila mtu. Anajua furu, ningu, kamongo, gogogo. Anajua kokoro na kwa nini limekatazwa. Anajua mabondo ya sangara yanauzwa kwa nani, na mapanki yanakaangwa wapi. Nyumbani husema Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kizinza, na maneno haya yamevuka kutoka huko kuingia Kiswahili bila kuomba ruhusa. Mwandishi wa vitabu vya shule, aliyezoea kamusi, huyaogopa. Huandika samaki, basi. Au mvuvi akatupa wavu wake. Wavu gani? Uhalisia wa watoto hauwezi kuandikwa kwa majina ya jumla. Kitereza aliliona tatizo hili alipokuwa akijitafsiri, na ukurasa baada ya ukurasa amewaachia wasomaji majina ya Kikerewe ya vitu vya Ukerewe, akiyaeleza kwa subira. Ni kweli kwamba msomaji wa Tanga atakwama. Wa Mwanza naye alikwama miaka mingi kwa majina ya sehemu za jahazi, na hapana aliyemwonea huruma.

Wala isidhaniwe kwamba ukweli wa ziwa ni kitu kimoja kisichogeuka, ambacho mtungaji akikipata amekipata. Sangara, ambaye leo mtu wa mbali hudhani ndiye samaki wa Mwanza tangu kuumbwa kwa ziwa, aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, na ni katika miaka ya 1980 ndipo alipojaa upande huu. Watu wa Kitereza hawamjui. Mtoto akisomewa kitabu hicho atauliza sangara yuko wapi. Na mwalimu akiwa mwerevu hatajibu upesi, bali atawatuma watoto kwa babu zao. Watarudi na majina ya samaki ambao hawajawahi kuwaona, kwa kuwa sangara amewala.

Hata taa za dagaa zimebadilika. Hadithi iliyotungwa miaka 20 iliyopita itasimulia karabai, mlio wake, harufu ya mafuta ya taa, na mtu aliyeungua mkono akiipampu. Mtoto wa leo, ambaye kaka yake hutoka na taa za umeme wa jua, atanyosha mkono na kusema si hivyo. Mwalimu sasa ana mambo mawili mbele yake. Mtoto amesema kweli, na kitabu nacho kimesema kweli. Na somo la dakika 40 limebakiwa na dakika 10.